Kilwa Kisiwani ya mwaka 1331: shajara ya mradi wa modeli

Januari – kuchagua mwaka

Tumekubaliana. Modeli yetu itaonyesha Kilwa Kisiwani ya mwaka 1331, si Kilwa ya "hapo kale" isiyo na tarehe. Mjadala ulikuwa mkali na ulistahili kuwa mkali. Mtu akivuka leo kutoka Kilwa Masoko anakutana na magofu yaliyopishana kwa karne nyingi: Gereza pale ufukweni, kuta za kasri la Makutani, Msikiti Mkuu, Msikiti Mdogo wa Kuba, na akitembea zaidi ya kilomita moja kuelekea mashariki anafika Husuni Kubwa juu ya jabali. Anarudi Masoko akiwa na picha ya mji mmoja wenye vyote hivyo kwa wakati mmoja. Mji huo haujawahi kuwepo.

Mwaka 1331 ndio aliofika Ibn Battuta. Alimkuta Sultani al-Hasan ibn Sulaiman akitawala, ambaye watu walimwita Abu al-Mawahib kwa wingi wa vipawa alivyotoa. Sultani huyu ndiye aliyejenga Husuni Kubwa, na ndiye aliyeupanua Msikiti Mkuu. Kwa hiyo tunaye msafiri aliyeona kwa macho yake, tunaye mjenzi mwenyewe, na kuta zake bado zimesimama. Sidhani kama kuna mwaka mwingine wa Kilwa ya kale unaotupa hayo yote pamoja.

Kisha tukaanza kufuta. Gereza likatoka: Wareno waliovamia na Francisco de Almeida mwaka 1505 ndio walioanza ngome pale, wakaiacha 1512, na jengo tunaloliona leo kwa sehemu kubwa ni la wakati wa Waomani. Makutani nayo ikatoka, maana kuta zake nyingi ni za karne ya 18. Msikiti Mdogo wa Kuba na ule wa Jangwani ni wa karne ya 15, nao hawakubaki. Kijana mmoja wa klabu yetu inayojenga modeli hii alisikitika kwelikweli kuhusu Gereza, kwa kuwa ndilo jengo analoliona kila siku kutoka ng'ambo. Nilimwonyesha hesabu: kati ya mwaka wetu na Almeida kuna miaka 174. Akanyamaza, kisha akachukua kifutio mwenyewe.

Tulipomaliza, ramani ilikuwa na Msikiti Mkuu, Husuni mbili (Kubwa na Ndogo), na eneo jeupe kubwa katikati. Eneo hilo jeupe ndilo mji. Nimeandika sentensi hiyo ukutani, karibu na meza, ili tusiisahau: kazi yetu kubwa si majengo matatu yanayojulikana, ni watu walioishi kati yake.

Februari – vipimo na ardhi

Mbao mbili badala ya moja. Ubao wa mji ni wa kipimo cha 1:500, yaani sentimita 1 mezani ni mita 5 kisiwani. Ubao wa Husuni ni 1:200, kwa sababu Husuni Kubwa ina vyumba zaidi ya 100 na kwa 1:500 vingegeuka mistari tu. Kuziunganisha kwenye ubao mmoja kungetaka meza ndefu kuliko chumba chenyewe.

Ramani tunazotegemea zinatokana na kazi ya Neville Chittick, aliyeongoza uchimbaji wa Kilwa katika miaka ya 1960, na Peter Garlake, aliyepima na kuchora majengo ya mawe ya pwani yetu kipindi hicho hicho. Tulikuza michoro kwa fotokopi hadi mstari wa kipimo ukalingana na rula, halafu tukaipiga gridi ya penseli.

Ardhi tumeijenga kwa matabaka ya kadibodi, gundi, na juu yake plasta nyepesi. Upande wa Husuni fundi seremala alitaka mteremko laini kwa sababu ni rahisi kupaka rangi. Hapana. Jabali pale linakatika ghafla kuelekea baharini, na huenda Sultani alilichagua kwa sababu hiyo: jengo linaonekana na kila chombo kinachoingia bandarini, na upepo wa bahari unafika kila ua. Tumelikata kwa msumeno.

Machi – mawe, chokaa, boriti

Kabla ya kujenga chumba hata kimoja nimewataka vijana waelewe vifaa, maana ndivyo vilivyoamua sura ya majengo.

Mawe ya Kilwa ni matumbawe ya aina mbili. Kuna yale magumu ya nchi kavu, mwamba wa kale uliokuwa ndani ya bahari enzi ambazo bahari ilikuwa juu zaidi. Hayo yalivunjwavunjwa na kujazwa kwenye kuta pamoja na chokaa. Na kuna matumbawe mabichi yanayokatwa chini ya maji. Yakitoka baharini ni laini, mtu anayachonga kwa shoka na patasi apendavyo, kisha yakikaa hewani yanakauka na kuwa imara. Hayo ndiyo yaliyotengeneza mihrabu, fremu za milango, vidaka na nakshi. Mtu akisimama karibu na mlango wa gofu lolote la Kilwa na kuliangalia jiwe kwa makini, ataona vitundu vya nyota vya tumbawe lenyewe.

Chokaa nayo ni tumbawe, ila lililochomwa. Magogo yanapangwa duara kubwa, mawe yanawekwa juu, moto unawashwa na unawaka hadi mawe yanageuka meupe na mepesi. Yakimwagiwa maji au yakinyeshewa yanapasuka kuwa unga, na unga huo unaachwa ukae miezi kabla ya kutumika. Fikiria ni miti mingapi iliteketea kwa ukuta mmoja tu wa Husuni. Tulipofika hapo kijana mmoja aliuliza kama ndiyo sababu kisiwa hakina msitu mkubwa leo. Nilipenda swali lake, tukalijadili hadi jua likazama.

Halafu boriti. Dari bapa la nyumba ya pwani linakaa juu ya miti ya mikoko, na mti wa mkoko ulionyooka vizuri una urefu wake. Ukivuka hapo unapinda au hautoshi. Ndiyo maana vyumba vya mawe katika pwani yetu ni virefu na vyembamba, upana wake mara nyingi haufiki mita 3. Vijana waliokuwa wanalalamika kwamba kila chumba kwenye ramani kinafanana na ukumbi wa kupitia sasa wanajua: aliyeamua upana wa chumba cha Sultani ni mti uliokua kwenye matope. Atakayetaka chumba kipana zaidi inabidi aache boriti na apige kuba. Ndivyo al-Hasan alivyofanya.

Kwenye modeli boriti zetu ni chelewa. Tumezikata kutoka kwenye makuti, tumezipiga msasa, na kwa kipimo cha 1:200 unene wake unakubalika kabisa.

Aprili – Husuni Kubwa

Mvua zimeanza, gundi inakauka polepole, kazi inakwenda kwa vipande.

Husuni Kubwa ninaipenda na nitaieleza kwa kirefu. Kwa jina ni ngome, lakini ukifuata ramani yake chumba kwa chumba unaona kasri na ghala vimeungana. Kusini kuna ua mpana sana, umezungukwa na vyumba vinavyofanana, vilivyopangwa mfululizo. Hapo ndipo wataalamu wengi wanapoona biashara: mizigo, wageni, hesabu. Kaskazini, kuelekea ncha ya jabali, ndiko makazi ya Sultani. Kuna ua wenye ngazi pana ambapo watu wangeweza kuketi mbele yake, kuna vyumba vya ndani, kuna birika la kuogea lenye pembe nane, upana wake kama mita 8, na mwishoni kabisa ngazi zinazoshuka hadi baharini. Mgeni wa Sultani angeweza kupanda kutoka ufukweni moja kwa moja hadi kasri bila kupita mjini.

Birika limetuchukua muda mwingi. Kwa kipimo chetu ni sentimita 4. Tulichonga pembe nane kwenye kipande cha mninga, tukalifunika kwa plasta, tukalipaka ndani rangi ya chokaa iliyolowa. Ndani tumemimina utomvu angavu ili paonekane maji. Kila anayeingia chumbani anaenda kwanza kuliangalia, na sishangai. Maji ya kulijaza yalibebwa na watu, kwa mitungi, na yalibidi yabadilishwe. Birika moja linaeleza zaidi kuhusu nguvu ya mtawala kuliko kuta zote zinazolizunguka.

Mapaa ya Husuni Kubwa ni elimu nyingine. Kuna dari bapa za boriti, kuna matao marefu, na kuna kuba, nyingine zimechongoka kama koni na nyingine zina mbavu kama boga. Mbinu hizo hazikuwa za kawaida katika pwani yetu wakati ule, na nakshi za mawe pamoja na maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa zinaonyesha mafundi waliojua mitindo ya ng'ambo ya bahari. Katika kifusi kulipatikana jiwe lenye maandishi yanayomtaja Sultani huyu, al-Malik al-Mansur al-Hasan ibn Sulaiman, ndiyo maana tunaweza kusema bila wasiwasi kwamba jengo ni lake.

Na halikukamilika. Chittick aliona sehemu ambazo hazikuwahi kumalizwa, na jengo zima halionyeshi dalili za kukaliwa kwa muda mrefu. Kwa modeli hii ni zawadi. Mwaka 1331 kazi ilikuwa inaendelea au ndiyo inafifia, kwa hiyo tumeuonyesha ua wa kusini ukiwa katikati ya ujenzi: jukwaa la miti, marundo ya mawe, tanuri la chokaa lenye moshi wa pamba, boriti zimelazwa chini zikisubiri. Wengi walitaka kasri lililomalizika, linalong'aa. Nilishikilia msimamo, na leo hii hakuna anayetaka kuliondoa jukwaa.

Aprili, mwishoni – Husuni Ndogo

Ng'ambo ya korongo dogo kuna Husuni Ndogo, na hii ndiyo yenye sura ya ngome kweli: mstatili wa ukuta nene kupita mita 1, na minara kwenye pembe na kando ya kuta. Ndani karibu hakuna kitu. Hakuna msururu wa vyumba, hakuna msikiti, hakuna kasri. Wengine wanasema ni boma la askari, wengine soko, wengine mahali pa kufungia bidhaa au watu kabla ya kusafirishwa. Ramani yake inawakumbusha wataalamu majengo ya jangwani ya zama za mwanzo za Uislamu, mbali sana na hapa.

Tumeijenga tupu. Ukuta, minara, mlango, na vumbi ndani. Mwanafunzi wa kidato cha tatu alitengeneza wanajeshi wadogo wa waya na akataka kuwaweka juu ya minara, nikamwambia asubiri. Kibao cha maelezo kitaandika maoni yote hayo kwa ufupi, na mtazamaji atasimama mbele ya ua mtupu akijiuliza kama sisi.

Mei – Msikiti Mkuu

Hapa ilibidi tuwe waangalifu kuliko mahali popote, kwa kuwa kila mtu anaufahamu Msikiti Mkuu kwa matao yake, na matao hayo ni ya karne ya 15. Tukiyaweka tutakuwa tumesema uongo kwa jengo linalopendwa kuliko yote.

Sehemu ya kale kabisa iliyobaki ni ukumbi wa kaskazini, wa karne ya 11 au 12: mdogo, paa bapa, nguzo tisa zinazougawa katika nafasi 16. Al-Hasan ibn Sulaiman aliongeza kusini ukumbi mkubwa mara kadhaa kuliko ule wa awali, wenye kuba na matao juu ya nguzo zilizochongwa kila moja kutoka kwenye jiwe moja la tumbawe. Pembeni akaweka kuba kubwa, ambayo hadi karne ya 19 haikupatikana kubwa zaidi yake katika Afrika Mashariki. Ukumbi huo wa nguzo za jiwe moja haukudumu. Ulianguka, na karne iliyofuata ukajengwa upya kwa namna tunayoiona leo.

Hivyo modeli yetu ina ukumbi mdogo mkongwe, uliofifia kidogo, na ubavuni mwake ukumbi mpya mweupe wenye nguzo nyembamba mno. Tulipozisimamisha zile nguzo kwa vijiti na kuweka dari juu, hata mtoto aliweza kuona kwamba uzito ni mwingi na miguu ni myembamba. Fundi seremala alizunguka meza, akainama, akasema, "Mwalimu, hii haikai." Haikukaa.

Juni – nyumba za mji

Sasa lile eneo jeupe.

Ibn Battuta aliihesabu Kilwa miongoni mwa miji mizuri kuliko yote aliyoiona, uliojengwa kwa ustadi. Watu wengi wanaishia hapo. Lakini anaendelea: mji ni wa mbao, mapaa ya nyumba zake ni ya dis, nyasi ndefu alizozijua kwao Maghreb, na mvua huko ni nyingi. Mtu aliyekwishaona Cairo, Damascus na Makka alisimama katika mji wa miti, udongo na nyasi, akausifu kwa uzuri. Hili ndilo ninalotaka mtazamaji aondoke nalo. Magofu yametuzoesha kuamini kwamba ustaarabu ni jiwe, na kwamba mwenye nyumba ya udongo alikuwa anasubiri ustaarabu umfikie. Mwaka 1331 mawe yalikuwa msikiti, kasri na majengo machache. Mji wenyewe ulikuwa wa kukandika, tena ulikuwa hivyo tangu ulipoanza, karne ya 9 au kabla ya hapo, wakati watu wake walikuwa wavuvi, wahunzi na wafinyanzi bila jengo hata moja la mawe.

Udongo hauachi gofu. Unayeyuka kwenye masika, miti inaoza au inaliwa na mchwa, na kinachobaki ni sakafu iliyokandamizwa, vipande vya udongo vyenye alama za fito, vigae, majivu. Huko Songo Mnara, kisiwa jirani chenye magofu ya karne ya 14 na 15, Stephanie Wynne-Jones na Jeffrey Fleisher wamekuwa wakifanya utafiti tangu 2009. Walipima sumaku ya ardhi na kuchunguza udongo hata mahali ambapo jicho linaona nyasi tu. Ndani ya mji ambao wengi waliudhani wa mawe matupu wakakuta na nyumba za udongo, na viwanja vya wazi vilivyokuwa na kazi zake. Kazi yao ndiyo iliyotupa ujasiri wa kujaza eneo jeupe, na pia wa kuacha nafasi wazi humo ndani.

Kuhusu namna ya kujenga hatukuhitaji kitabu. Tulivuka, tukamsalimia bibi mmoja wa Kisiwani ambaye amekandika nyumba tangu usichana wake. "Shikamoo bibi." "Marahaba wanangu, mmekuja kujifunza udongo?" Alicheka sana aliposikia tunataka nyumba ya urefu wa kiganja. Kisha akatuambia kwa utaratibu. Nguzo zisimamishwe kwanza, na za pembeni ziende chini zaidi. Fito zifungwe kwa kulala, ndani na nje, kwa kamba iliyolowekwa ili ikikauka ikaze. Katikati ya fito pajazwe mawe madogo, kubwa chini, dogo juu. Udongo uchimbwe, ulowekwe, ukanyagwe. "Mkiukanda leo na kuukandika leo utapasuka. Ulazeni." Tabaka la kwanza liachwe likauke na nyufa zake zionekane zote, ndipo la pili lipite kwa kiganja. Mwenye uwezo anamalizia kwa chokaa, na nyumba hiyo ikiwa mpya, alisema, usiku wa mbalamwezi unaiona kutoka baharini.

Tumefanya kama alivyosema. Mbele ya meza kuu itakaa nyumba moja ya kipimo cha 1:20, imejengwa kwa fito za chelewa, kokoto zilizochekechwa, na udongo mwekundu aliotuchagulia yeye. Tumeulaza. Haukupasuka.

Kwenye ubao wa 1:500 nyumba ina urefu wa sentimita moja au mbili, kwa hiyo hapo tunakata vipande vya mti laini, tunavichovya kwenye udongo uliochanganywa na gundi, na mapaa tunayafanya kwa nyuzi za katani zilizokatwa fupi. Tumezipanga nyumba kwa vikundi, na ua katikati, visima, njia zisizonyooka zinazoelekea msikitini na ufukweni. Kati ya nyumba kuna bustani. Wareno wa mwaka 1505 waliandika kuhusu michungwa, milimau, mboga, asali, na mji wa watu kama 4,000. Maelezo hayo ni ya baadaye kuliko mwaka wetu, kwa hiyo bustani tumeziweka, lakini idadi ya watu hatukuiandika kwenye kibao.

Julai – bandari

Ilibidi tuamue mwezi pia, maana bandari ya Kilwa bila upepo haieleweki. Kaskazi inaleta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na India, kusi inavirudisha. Kilwa iko karibu na mwisho wa safari ambayo chombo kinaweza kwenda na kurudi ndani ya msimu mmoja. Ukiteremka zaidi hadi Sofala, kulikofika dhahabu ya bara, kusi inaweza kukukuta mbali na kukuweka mwaka mzima. Kwa hiyo watu wa Kilwa waliifuata dhahabu wenyewe, wakaishikilia njia ya Sofala, na wageni wakanunua hapa. Ukuu wa mji huu, pamoja na Husuni na birika lake, unaanzia kwenye kalenda ya upepo. Nimekuwa nikifundisha jambo hili kwa miaka mingi na bado linanisisimua.

Tumechagua siku za mwisho wa kaskazi. Vyombo ni vingi, vimejaa, vinasubiri. Ni vyombo vya kushonwa: mbao zimefungwa kwa kamba za makumbi bila msumari, na tanga ni la mkeka. Vijana wawili wanaotoka familia za wavuvi wamechukua kazi hii na hawataki mtu mwingine aiguse. Wanasuka matanga kwa miyaa iliyochanwa nyembamba kama uzi.

Mikoko tumeiweka pande zote za hori. Leo mawimbi yanakula ufuko na magofu yaliyo karibu na maji. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 1981, zikawekwa kwenye orodha ya hatari 2004, na zikatolewa humo 2014 baada ya kazi kubwa ya kuimarisha kuta na kuulinda ufuko. Mikoko ni sehemu ya ulinzi huo. Kijana anayeipanda mezani kwa brashi ya rangi ameshiriki kuipanda kwenye matope halisi.

Agosti – watu

Modeli ilikuwa nzuri na kimya mno, tukaanza kuweka watu. Kwa 1:500 mtu ni kipande cha uzi cha milimita 3, ila wakiwa wengi jicho linawatambua: wanawake kisimani, watu msikitini siku ya Ijumaa, wapagazi ngazini Husuni.

Hapo swali likaja lenyewe: wapagazi ni nani? Ibn Battuta anaeleza jinsi al-Hasan alivyotoka msikitini siku ya Ijumaa, fakiri kutoka Yemen akamwomba nguo alizovaa, naye akarudi ndani, akabadili nguo na kumpa. Watu wanaipenda hadithi hiyo. Inaendelea kwamba mwanawe Sultani alizichukua nguo na kumpa fakiri watumwa kumi badala yake, na Sultani aliposikia sifa za watu akaongeza watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu. Anaeleza pia jinsi Sultani alivyokuwa akifanya mashambulizi bara na kuchukua ngawira. Binadamu walikuwa zawadi, kama pembe. Ukarimu uliompa jina lake ulilipwa na watu ambao hakuna aliyeyaandika majina yao.

Tulijadiliana jinsi ya kulionyesha hili kwa vipande vya uzi, na jibu likawa kibao. Kitakaa upande wa Husuni, kwenye usawa wa macho ya mtoto, na kitasimulia hadithi ya fakiri hadi mwisho wake. Mzazi mmoja aliona haifai kwa watoto. Nilimsikiliza kwa heshima na kibao kinabaki.

Kibao cha pili ni cha sarafu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba zenye jina la mtawala upande mmoja na upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu, pande mbili zikikubaliana kwa vina. Sarafu ya al-Hasan ibn Sulaiman ilipatikana Great Zimbabwe, kule ilikopita dhahabu. Nyingine za Kilwa zilipatikana mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Vijana walitafuta visiwa hivyo kwenye ramani ya dunia na wakachomeka pini. Uzi kutoka Kilwa hadi kwenye pini hiyo unapita juu ya bahari nzima ya Hindi, na umeachwa hapo ukutani.

Septemba – kilichobaki

Ubao wa Husuni umekamilika isipokuwa rangi ya nyasi ndani ya korongo. Ubao wa mji bado unadai nyumba za upande wa magharibi. Tumepunguza kasi kwa sababu udongo aliotuchagulia bibi umekwisha na sitaki kuchanganya na wa Masoko, rangi yake ni tofauti. Tutavuka tena bahari ikitulia, na safari hii tunamletea yeye na jirani zake picha za nyumba ya 1:20 ili watuambie kipi si sawa kabla ya kupaka chokaa. Yeye tayari ametuma ujumbe kwamba mlango wetu ni mwembamba, mtu hawezi kuingia na mtungi kichwani.

Ukuta wa mbele utabomolewa kesho, mlango utapanuliwa kwa nusu sentimita, na fito zitafungwa upya.